Kabla Fundi Hajafuta

Kila alasiri akirudi shuleni, Mgeni alifungua mlango kwa ufunguo aliouvaa shingoni, akavua viatu na kupita sebuleni kwa kunyata. Hakuna aliyemwambia anyate. Alijifunza mwenyewe katika wiki zake za kwanza mle ndani.

Sebuleni kulikuwa na meza iliyoelekea dirishani, juu ya meza kompyuta mpakato, na mbele ya kompyuta shangazi yake, spika za masikioni zikiwa zimembana kichwa. Chini ya meza kulikuwa na pedali ndogo nyeusi yenye waya, mfano wa ile ya cherehani. Shangazi akiikanyaga, sauti ilicheza masikioni mwake. Akiinua mguu, sauti ilisimama. Akiikanyaga upande wa kushoto, sauti ilirudi nyuma maneno machache, naye akasikiliza tena, vidole vikiwa vinakimbia juu ya kibodi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Watafiti walimletea mazungumzo waliyoyarekodi, naye aliyaandika neno kwa neno, pamoja na vikohozi na vicheko. Muhula ule alikuwa na kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: wazee waliohojiwa kuhusu visima vya zamani, nani alivichimba, maji yake yalikuwa matamu au ya chumvi, vilikauka lini. Kazi ilikuwa imemla miezi, na ilitakiwa kukabidhiwa mwisho wa mwezi. Kila Ijumaa jioni alinakili folda yenye jina "Visima" kwenye flashi nyekundu, akaitia flashi kwenye kopo la bati juu ya kabati, akapiga makofi mawili kama mtu anayepangusa vumbi.

"Hata kompyuta ikifa leo," alisema, "visima vyangu vipo."

Sheria ya nyumba ilikuwa moja: mguu ukiwa kwenye pedali, hakuna kusema. Mwenye shida ainue mkono asubiri. Mgeni aliinua mkono kuomba kalamu, aliinua mkono kuuliza chumvi iko wapi, aliinua mkono kusema kwamba amekuwa wa kwanza katika jaribio la jiografia. Mara nyingine shangazi alimwona upesi. Mara nyingine mkono ulichoka ukashuka wenyewe, na habari ya jiografia ikaenda nao. Wakati wa chakula, shangazi alikuwa amekwisha sikia maneno ya siku nzima.

"Masikio yangu yamechoka, mwanangu," alisema. "Tule tu."

Basi walikula tu. Nyumba ilikuwa imejaa sauti za watu, na hata moja haikuwa ikisema na Mgeni.

Hakuwa na pengine pa kwenda. Mama yake alifariki kabla yeye hajaanza shule. Baba yake aliendesha tingatinga na kulala katika kambi za wajenzi wa barabara, kambi ambazo huhama kila barabara inaposogea na ambazo hazipokei watoto. Alipohamishwa mara ya mwisho, alimleta kwa dada yake na sanduku moja. "Usimsumbue shangazi yako," alimwambia mlangoni. Mgeni aliyashika maneno hayo kama anavyoyashika mtu masharti ya nyumba ya kupanga.

Darasani walimwita Mgeni siku aliyofika, na ingawa muhula wa pili ulikuwa unaelekea ukingoni, hakuna aliyekumbuka kulibadilisha jina hilo. Hawakuwa wabaya. Hawakumpiga wala kumnyang'anya kitu. Walikuwa na mazungumzo yao tu, na mazungumzo yalikuwa yamefika mbali kabla yeye hajafika. Siku hizo yote yalihusu gemu la malori yanayovuka madaraja mabovu.

"Jana nimevuka daraja la tatu!"

"Acha fiksi! Kwa lori gani?"

"La matairi kumi."

"Kumi? Pale? Ungekuwa bado unaelea mtoni na samaki wanakupungia mkono!"

Walivunjika mbavu. Mgeni alisimama karibu nao akacheka pia, lakini kicheko chake kilichelewa kidogo, kama mwangwi.

Ijumaa moja, mvulana waliyemwita Mheshimiwa, kwa kuwa alitembea mikono nyuma kama anakagua gwaride, alimgeukia. "Na wewe Mgeni, umefika daraja gani?"

"Sijafika."

"Daraja la kwanza limekushinda?"

"Sina hilo gemu."

"Ala! Na nyumbani kwenu kompyuta ipo?" Mheshimiwa akachomoa flashi mfukoni, akamkabidhi kwa mikono miwili kama anayetoa nishani. "Chukua. Jumatatu nirudishiwe. Ukiipoteza, nakuitisha bungeni."

Wote wakacheka, na safari hii Mgeni alicheka nao kwa wakati.

*

Jumamosi asubuhi shangazi alitoka na kinasa sauti chake kwenda kurekodi mkutano wa wafugaji uliokuwa umepangwa kuchukua kutwa nzima.

"Kompyuta ni ya hesabu zako za shule tu," alisema akifunga kamba za viatu. "Usiingize programu yoyote humo. Umenisikia?"

"Nimesikia, shangazi."

Alisikia kweli. Alizifanya hesabu, akazimaliza, akaiangalia flashi ya Mheshimiwa, akaichomeka.

Kompyuta ilimjibu kwamba nafasi haitoshi. Pembeni ya gemu, kwenye flashi ile ile, kulikuwa na programu ndogo iliyoitwa "Safisha". Iliahidi kuondoa takataka na kuongeza nafasi. Iliomba ruhusa ya kugusa faili za mfumo. Mgeni akabonyeza Ndiyo. Iliuliza kama ana hakika. Akabonyeza Ndiyo tena. Nafasi ikapatikana, tena tele. Gemu likafunguka, lori likaunguruma, na Mgeni akavuka daraja la kwanza. Alikuwa katikati ya la pili picha ilipoganda.

Alisubiri. Alibonyeza kitufe cha kuwashia mpaka kompyuta ikazimika, kisha akaiwasha. Vinukta vilizunguka kwenye kioo, vikazunguka, kisha kioo kizima kikawa cha buluu na maneno yakatokea kwamba kompyuta imeshindwa kuamka. Ikajizima. Ikajiwasha. Vinukta vikaanza upya.

Baada ya kuhangaika hivyo mara kadhaa, kompyuta yenyewe ilimletea orodha ya njia za kujitibu, na mojawapo ilisema: Weka kompyuta hii upya. Mgeni alishusha pumzi. Njia hiyo ilikuwa na vichochoro viwili, kubakiza faili zilizomo au kuondoa kila kitu. Alichagua kubakiza. Namba za asilimia zilipanda polepole, zikasimama, zikapanda tena. Mwishoni kompyuta ilisema: Kumetokea tatizo wakati wa kuweka upya. Hakuna mabadiliko yaliyofanywa.

Alirudia. Ikamjibu maneno yale yale, kwa adabu ile ile. Alitaka kulia, lakini nyumba ilikuwa tupu na hakuna ambaye angemsikia.

Aliposhika tena akili zake, alikwenda duka la intaneti la mtaa wa pili. Ukurasa alioupata ulieleza wazi kwamba kuweka upya kukishindikana, mfumo endeshi, yaani programu mama inayoiamsha kompyuta na kuzisimamia nyingine zote, unaweza kupandikizwa upya kutoka kwenye flashi iliyotengenezwa kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima. Flashi ilihitajika. Ya Mheshimiwa ilikuwa ya mtu na imejaa magemu. Mgeni alirudi nyumbani mbio, akapanda kiti, akatoa flashi nyekundu kwenye kopo la bati.

Dukani, mhudumu alikuwa amezama kwenye mashine ya kuchapisha iliyokwama karatasi. Mgeni alifuata maelekezo hatua kwa hatua. Mahali fulani dirisha dogo lilifunguka na kuandika jambo, na chini ya jambo hilo kulikuwa na Ndiyo na Hapana. Siku ile alikuwa amekwisha bonyeza Ndiyo nyingi. Alibonyeza nyingine. Mstari wa kijani ulipojaa aliifungua flashi kuitazama, na humo mlikuwa na faili za mfumo endeshi peke yake. Folda ya "Visima" haikuwepo.

Ndipo alipoyakumbuka maneno ya dirisha lile dogo, ambayo macho yake yaliyaona na akili haikuyasoma: Kila kilichomo kwenye flashi hii kitafutwa.

Nyumbani aliichomeka flashi kwenye kompyuta mgonjwa. Kompyuta haikuijali hata kidogo. Vinukta viliendelea kuzunguka. Mgeni hakujua kwamba kompyuta hulazimika kuambiwa ianzie kwenye flashi. Aliichomoa, akaipangusa kwa kanga, akairudisha kwenye kopo.

Shangazi aliporudi na kubonyeza kitufe, alikitazama kioo cha buluu.

"Hii imekuwaje?"

"Imezimika yenyewe, shangazi."

Maneno yalitoka mepesi kuliko alivyotarajia. Shangazi aliguna, akaufunga mfuniko wa kompyuta. "Basi. Jumatatu tutampelekea fundi. Ndiyo maana nina flashi."

*

Jumapili shangazi hakuwa na kazi ya kufanya. Spika za masikioni zilining'inia kwenye kiti. Pedali ilikaa chini ya meza peke yake.

Shangazi alimwita Mgeni jikoni wamenye viazi. Alimpa kisu kizuri yeye akachukua kilicho butu. Na akaanza kusema. Alisimulia juu ya bibi mmoja kwenye rekodi aliyemgombeza mtafiti kwa kukaa vibaya kwenye kigoda, na juu ya mzee aliyekohoa kila alipotaka kutia chumvi habari zake.

"Anasema, 'Kisima hicho nilikichimba peke yangu.' Kisha, kho! Kho! Naandika: mzee anakohoa. 'Na maji yakaruka juu kama mnazi.' Kho! Nimejaza ukurasa mzima kwa vikohozi tu!"

Mgeni alicheka mpaka kiazi kikamponyoka.

"Kumbe unajua kucheka," shangazi alisema. "Nilidhani kaka yangu ameniletea sanamu."

Siku kama ile ndiyo Mgeni aliyoitamani tangu afike. Alimenya kiazi kimoja, na kingine, na kila shangazi alipomtazama usoni alihisi kama amekaa juu ya msumari. Visima, bibi wa kigoda, mzee wa vikohozi, wote walikuwa hawapo tena kwenye kopo la bati, na yeye peke yake alijua. Alifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza chumvi. Mara ya pili aliomba kiazi kingine.

Alasiri baba alipiga simu. Nyuma yake mashine zilinguruma.

"Mwanangu, hujambo? Unakula vizuri?"

"Sijambo. Baba, nataka..."

"Nini? Sikusikii! Humsumbui shangazi yako?"

"Hapana, baba."

"Vizuri! Endelea hivyo hivyo!" Simu ikakatika.

Jumatatu asubuhi alimrudishia Mheshimiwa flashi yake. "Umefika wapi?" waliuliza. Alisema daraja la pili, nao wakamzunguka, wakamuuliza alitumia lori gani na alianguka upande upi. Mgeni aliwajibu. Kwa mara ya kwanza tangu aingie shule ile alikuwa katikati ya duara, na hakusikia ladha yoyote.

*

Fundi wa kompyuta alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani aliyoipandisha kwenye kipaji cha uso. Duka lake lilikuwa chumba chembamba chenye rafu mpaka darini, na kila rafu imejaa kompyuta zilizobandikwa vipande vya karatasi kama wagonjwa wa wodini. Shangazi na Mgeni walikaa kwenye viti viwili vya plastiki. Fundi aliiwasha kompyuta, akavitazama vinukta, akakitazama kioo cha buluu.

"Imeanza lini?"

"Jumamosi," shangazi alijibu. "Binti anasema ilizimika yenyewe."

"Yenyewe." Fundi alishusha miwani machoni. "Dada yangu, kila anayeingia hapa kompyuta yake imezimika yenyewe. Nikiifungua nakuta kikombe kizima cha chai. Chai nayo ilijimwaga yenyewe."

Shangazi alicheka. Mgeni alitazama vidole vyake vya miguu.

Fundi alijaribu kuiweka kompyuta upya kwa ile njia yake ya ndani. Walisubiri. Ilishindwa, kama ilivyoshindwa Jumamosi. "Nilitarajia," alisema. "Ikijiweka upya hivi, hutumia faili zake yenyewe. Faili hizo zikiwa zimeharibika, ni sawa na kushona nguo kwa uzi uliooza. Uzi lazima utoke nje. Nitapandikiza mfumo endeshi mpya kutoka kwenye flashi. Lakini kwa hali hii ningependa kuifuta diski yote nianze na uwanja mtupu. Kuna kitu chako humu?"

"Kazi yangu yote imo. Lakini ninayo nakala kwenye flashi."

"Uliifungua lini mara ya mwisho hiyo nakala?"

"Naiweka kila Ijumaa."

"Sikuuliza unaiweka lini."

"Fundi," shangazi alisema, akiupiga mkoba wake kofi jepesi, "flashi ni yangu, nimeiweka mimi, najua kilichomo. Wewe futa."

Fundi aliinua mabega. Alichomeka flashi yake, akabonyeza kitufe kimoja juu ya kibodi huku akiiwasha kompyuta, na safari hii kompyuta ikatii. Ilimuuliza lugha, akachagua. Ilimuuliza aina ya kibodi, akachagua. Kisha ikaleta orodha ya vyumba vya diski ikiuliza mfumo uwekwe wapi. Chini ya orodha kulikuwa na neno Futa.

Mgeni aliona mshale ukishuka kwenye kioo. Aliwaza kambi ya baba, mahema na mitambo. Aliwaza sanduku lake limesimama mlangoni. Mshale ulifika kwenye neno, na kidole cha fundi kilikuwa kikishuka juu ya kipanya.

"Usifute!"

Kidole kilisimama. Sauti ilikuwa kubwa mno kwa chumba kile chembamba, na kwa muda hata Mgeni hakuwa na hakika ni yake.

"Usifute, fundi. Flashi haina kitu. Niliifuta mimi."

Fundi aliinua mkono kutoka kwenye kipanya, akauweka mapajani. Shangazi alifungua mkoba, akatoa flashi nyekundu, akampa fundi. Fundi aliichomeka kwenye kompyuta nyingine. Zilitokea faili za mfumo endeshi, safu nzima, na hakuna kingine.

"Kazi ya watu wazee," shangazi alisema taratibu, kama anayesoma. "Wawili kati yao wamekwisha fariki."

"Sema yote," fundi alimwambia Mgeni. "Tangu mwanzo. Usiruke kitu."

Mgeni alisema yote. Gemu, programu ya kusafisha, Ndiyo ya kwanza na ya pili, duka la intaneti, dirisha dogo. Fundi alimkatiza mara chache tu.

"Ulipoiweka upya, ulichagua kubakiza faili au kuondoa?"

"Kubakiza."

"Una hakika? Usinipe jibu la kunifurahisha."

"Nina hakika. Nilisoma hapo."

"Na mwisho ilikuandikia nini? Maneno yenyewe."

"Kumetokea tatizo. Hakuna mabadiliko yaliyofanywa."

"Hujaifuta diski kwa njia nyingine yoyote?"

"Sijaifuta. Niliogopa."

"Hapo umeogopa panapostahili." Fundi aliigeukia kompyuta, akabonyeza Ghairi, akachomoa flashi yake na kuchukua nyingine yenye utepe wa njano. "Sikilizeni. Mfumo umeharibika, lakini mfumo si faili. Hii ina mfumo mdogo unaokaa ndani ya flashi yenyewe. Naiamsha kompyuta kwa huu, nachungulia diski bila kuigusa. Siahidi kitu. Nitakachokikuta ndicho nitakachowaambia."

Walisubiri. Kompyuta iliamka ikiwa na sura ngeni, rangi nyingine, vitufe vingine. Fundi alifungua diski, akafungua folda, akafungua nyingine ndani yake. Katikati ya orodha lilikuwepo jina "Visima".

Shangazi alinyanyuka kutoka kwenye kiti. "Hilo!"

"Kaa, dada. Jina ni jina tu." Fundi alibofya. Faili zikajipanga kutoka juu ya kioo mpaka chini. Alifungua moja, kurasa zikatokea, na mahali fulani kwenye mabano palikuwa na maneno: mzee anakohoa. Shangazi alifunika mdomo kwa kiganja.

Fundi alinakili folda yote kwenye diski yake ya nje. Kisha hakukubali kwamba imenakilika mpaka alipofungua faili kadhaa kwenye ile nakala, za juu, za katikati na za mwisho. Hapo tu ndipo alipoigeukia tena flashi nyekundu.

"Hii uliitengeneza wewe peke yako?"

"Ndiyo, fundi."

Aliichunguza kwenye kompyuta yake. "Imetengenezwa sawasawa. Umefanya kosa kwa ustadi mkubwa." Akaichomeka kwenye kompyuta ya shangazi. "Basi tutapandikiza kwa hii hii."

Mshale ulirudi kwenye neno Futa, na safari hii fundi alibonyeza. Namba za asilimia zikaanza kupanda, na hazikukwama.

Wakati mfumo ukijipanga, fundi aliegemea kiti. "Mashine haiwezi kunieleza ilichofanyiwa. Naona dalili, basi. 'Imezimika yenyewe' ilinifanya nitibu ugonjwa usiokuwepo, na dawa yake ingekuwa kuua kitu pekee kilichobaki hai. Hilo ni lako, binti. Na wewe dada, nakala ambayo hujaifungua, usiseme unayo. Hilo ni lako."

"Nimelipokea," shangazi alisema.

*

Walirudi kwa miguu. Shangazi alibeba kompyuta kifuani kwa mikono miwili. Waliingia mtaa wao.

"Jumapili tulimenya viazi," alisema.

"Ndiyo, shangazi."

"Nikakusimulia habari za wale wazee, nawe ukacheka. Na ulikuwa unajua."

Machozi yalimtoka Mgeni, akayaacha.

"Nimekasirika, na nitakuwa na hasira kwa siku kadhaa. Usije ukashangaa. Kwa nini hukuniambia Jumamosi?"

"Niliogopa utanirudisha."

"Nikurudishe wapi?"

"Kwa baba. Kambini."

Shangazi alisimama katikati ya njia, mpaka mwenye baiskeli akapiga kengele na kuwapita akinung'unika. "Nani aliyekuambia kwamba mtoto akikosea hurudishwa, kama kiatu kisichotosha mguu? Wewe ni mtoto wa kaka yangu. Unakaa kwako. Ukikosea unaadhibiwa, na ukiadhibiwa unaendelea kukaa kwako." Alianza kutembea tena. "Na gemu la nini? Hata hupendi magemu."

"Wenzangu wote wanalizungumzia. Nilitaka na mimi niwe na la kusema."

Shangazi aliisogeza kompyuta kifuani. "Shuleni huna wa kusema naye," alisema. "Na nyumbani unainua mkono."

Adhabu ilikuwa hii. Kwenye kompyuta iliyofufuliwa Mgeni alipewa mlango wake wa kuingilia, wenye nywila yake, lakini usioruhusu programu yoyote kuingizwa. Kila Ijumaa yeye ndiye atakayenakili kazi ya shangazi mahali pawili, kwenye flashi nyekundu na kwenye diski nyingine itakayokaa dukani kwa fundi. Na kila nakala ataifungua, asome kwa sauti mistari ya kwanza ya kila faili, shangazi akiwa amevua spika za masikioni.

Kesho yake Mheshimiwa alimuuliza kama amevuka daraja la pili. Mgeni alisema kompyuta yao ilikufa kwa sababu ya programu ya kusafisha iliyokuwa kwenye flashi, na akaeleza ilivyokuwa, bila kujitoa kwenye habari. Mheshimiwa alishusha mikono kutoka mgongoni.

"Hata yetu," alisema kwa sauti ndogo, "tangu juzi inajizima. Hapo kwenye buluu, ulifanyaje?"

Mgeni alimwambia aanze kwa kuwaeleza ukweli watu wa nyumbani kwao.

Ijumaa ile jioni, Mgeni alikaa mezani na shangazi akakaa kando yake, mguu mbali na pedali. Alifungua faili ya kwanza kwenye flashi, akasoma. Akafungua ya pili. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, kwa sababu hakuzoea kusikilizwa, kisha ikatulia. Alikosea jina la kisima kimoja na shangazi akamsahihisha. Aliuliza kwa nini bibi mmoja alikataa kutaja jina la mumewe, na shangazi akamweleza, tena kwa kirefu. Viazi viliungua jikoni, wakala vilivyosalia.

Faili zilipokwisha, shangazi alizima kompyuta, akamgeukia.

"Nataka ulishike hili, maana sitalirudia kila wiki. Kukosea ulikosea Jumamosi mchana, na kosa lile fundi angelitengeneza kwa saa chache. Jumamosi jioni uliponificha, ndipo kazi ya miezi ilipokaribia kupotea. Kosa likisemwa mapema huwa ni kazi ya kufanya. Ukilificha, unabaki nalo peke yako, na mtu akiwa peke yake na kosa lake huliongezea jingine. Siku nyingine ukiharibu, niambie siku hiyo hiyo."

"Hata kama unafanya kazi?"

"Hata mguu wangu ukiwa kwenye pedali. Usiinue mkono. Sema."

"Nimesikia, shangazi," Mgeni alisema. Kisha, kwa kuwa shangazi alikuwa bado anamtazama, akaongeza, "Wiki hii nilikuwa wa pili katika jaribio la jiografia. Lile la mwezi uliopita nilikuwa wa kwanza."

"Wa kwanza?" Shangazi alivuta kiti karibu. "Ehe. Hebu anza hapo."